Kijerumani na Mkwe Wangu

Mjukuu wangu alinikatia simu kwa Kijerumani. Tulikuwa tunatazamana kwenye kioo cha simu, mimi nimekaa sebuleni kwangu Manga, yeye yuko Ujerumani na kikombe cha maziwa mkononi. Akaniuliza kitu. Nikacheka, maana bibi asiyeelewa hana kazi nyingine ila kucheka. Akauliza tena, kwa sauti zaidi. Nikamwambia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwamba amekuwa mkubwa na anafanana na babu yake. Akakunja uso, akatoa neno moja fupi, kidole kikaja mbele ya kioo, picha ikazimika.

Binti yangu alipiga baadaye kuomba radhi. Nikamwuliza mtoto alikuwa anataka nini.

"Alikuwa anakuuliza kama ng'ombe ameshazaa, mama. Nilimwambia juzi kwamba ana mimba."

Ng'ombe alikuwa amezaa. Ndama alikuwa hapo nje, karibu na mlango, na ningeweza kutoka na simu nikamwonyesha. Nililala na hasira, na hasira yangu huwa haiishi kwa kulala.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za mlima huu mpaka nikastaafu. Watoto wa kwetu huja darasa la kwanza na Ekegusii kitupu, na kazi yangu ilikuwa kuwafanya waseme. Sikuwa mpole. "Fungua mdomo," nilikuwa nikiwaambia, "kuongea hakutozwi ushuru." Kwa hiyo nilijua kwamba lugha haiingii kichwani kwa kuonewa huruma. Nikamwambia mume wangu, na yeye peke yake, kwamba naenda kujifunza Kijerumani. Nilitaka mjukuu ashtukie tu bibi anamjibu. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Haya," akaendelea kunywa. Ameishi nami siku nyingi.

Siku hizi Kisii mjini Kijerumani kinafundishwa kama zamani tulivyofundishwa kushona. Wauguzi wakimaliza chuo wanakimbilia huko, na wengine nyuma yao. Darasa letu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa inapanda ngazi pamoja nasi. Mwalimu alikuwa msichana wa Nakuru aliyewahi kukaa Ujerumani akilea watoto wa watu. Wanafunzi walikuwa vijana ambao ningeweza kuwafundisha irabu. Nikakaa mbele, kama nilivyokuwa nikiwalazimisha wavivu wakae.

Kisha nikaambiwa nisimame nijitambulishe.

Nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule, nimesimama mbele ya kanisa zima siku ya Sabato nikasoma matangazo bila miwani. Siku ile Kijerumani kilinikimbia. Nilisema jina langu, halafu nikalisema tena, halafu nikakaa. Mtu akacheka. Nikawakumbuka wote niliowahi kuwaambia wafungue mdomo.

"Mathe, wewe tiririka tu," kijana mmoja nyuma akaniambia, mathe akimaanisha mama. "Hii kitu hakuna mtu anaijua hapa, si ndiyo maana tumekuja?"

Mwalimu akapiga makofi, darasa likapiga, nami nikasimama tena. Nikasema jina, nikasema natoka Manga, nikasema nina ng'ombe na ndama. Hayo ya ng'ombe hayakuwa yameulizwa. Tangu hapo wakaniita Frau Mwalimu, yaani Bibi Mwalimu, na jina hilo sikulikataa.

Nikaanza kupenda. Asubuhi nachuma chai, nahesabu majani kwa Kijerumani mpaka nachoka. Jioni napanda mlima kwa bodaboda nikisema sentensi zangu kwa sauti nyuma ya mgongo wa dereva. Siku ya kwanza aliniuliza kama naongea na simu. Nikamwambia hapana. Akapunguza mwendo, na baadaye nilisikia amewaambia wenzake kwamba mwalimu akipanda pikipiki anaomba kwa lugha ya roho.

Basi jioni moja, somo limeshaanza, mlango ukafunguliwa akaingia mume wa binti yangu.

Niseme kwanza huyu ni nani. Ni fundi wa umeme, kwao ni upande wa Suneka, na alimwoa binti yangu wa kwanza kwa utaratibu wote. Binti yangu ni muuguzi, akatangulia Ujerumani, akamchukua mtoto, na mume akabaki kungoja karatasi. Kati ya karatasi hizo moja ni cheti cha lugha, na cheti hakitolewi mpaka ukae mbele ya watahini uongee nao. Siku ya kwenda ubalozini alikuwa ameipata baada ya kungoja mpaka tukachoka kuuliza. Akifika siku hiyo bila cheti, anarudi nyuma ya foleni, na mtoto wake anaendelea kumjua babake kama picha ya kwenye simu. Alikuwa akisoma darasa la asubuhi. Sasa alikuwa amepata kazi ya kufunga nyaya katika jengo jipya, ndiyo akahamia darasa la jioni. Hakujua mimi nipo. Mimi sikujua anakuja. Mkwe na mama mkwe hawaambiani ratiba.

Kwetu hilo ni jambo la *ensoni*. Ensoni ni aibu, lakini si aibu ya kosa. Ni heshima inayokaa kati ya mzazi na aliyemwolea mwana. Mkwe wangu na mimi hatupeani mikono. Hatukai kwenye benchi moja, hatuli pamoja, hatutaniani, na hakuna anayemkazia mwenzake macho. Siku hizi watoto wa mjini wanakumbatiana na wakwe zao kwenye harusi mbele ya kamera, ni shauri yao. Huku mlimani, miaka yote aliyokuwa mkwe wangu, tulikuwa tumesemezana salamu na habari za mvua.

Aliponiona alirudi nyuma hatua moja. Mwalimu akamwita, "Karibu, karibu, usiogope!" Akaenda kukaa nyuma kabisa, penye nguzo, ili nguzo iwe kati yetu.

Tangu siku hiyo hakusema neno. Mwalimu akimwuliza, anajibu kwa sauti ambayo hata meza yake haikuisikia. Mwalimu alishangaa sana, maana asubuhi huyu ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa darasa. Nami nilikuwa nimesikia hivyo hivyo Suneka: fundi mwenye maneno, anayeweza kukuchekesha ukasahau kwamba taa bado haijawaka. Nilijua ni nani aliyemfunga mdomo. Nami pia nilianza kujikunja. Utawezaje kusema, "Mimi napenda kuogelea," wakati mkwe wako anasikiliza? Mimi kuogelea kwenyewe sijui, lakini kitabu kilitaka.

Mwisho mwalimu akaja na wazo. Mtihani ni wa kuongea na mwenzako, kwa hiyo atatupanga wawili wawili, na hao wawili wasimame, wapeane mikono, waamkiane kama Wajerumani, halafu waulizane wanakula nini asubuhi. Akaanza kusoma jozi. Akanitaja mimi na mkwe wangu.

Nikasimama kwa sababu nimezoea kutii mwalimu. Naye akaja mpaka mbele, macho sakafuni, mikono yote miwili mgongoni kama mtu anayeficha kitu. Mimi nikatazama kalenda ya ukutani. Ilikuwa na picha ya kuku wa mayai. Tukasimama hivyo.

"Mikono!" mwalimu akasema. "Guten Tag! Haya!"

Muuguzi mmoja wa Kebirigo hakuweza kuvumilia. "Mwalimu, huyo ni mama ya mke wake."

"Kweli?" mwalimu akafurahi. "Si basi ni vizuri sana? Mtakuwa mnafanya mazoezi nyumbani!"

Darasa lilipiga yowe. Wengine walijifunika nyuso, wengine walikuwa wanapiga meza kwa kicheko, na yule maskini wa Nakuru akageuka huku na huku akiuliza amesema nini. Nilipoacha kumtazama kuku, mkwe wangu hakuwepo. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Yeye huwa hasemi mengi, ila siku hiyo alisema.

"Toka wewe darasani. Binti yako anamngoja mumewe."

"Na mimi namngoja mjukuu wangu!" nikamjibu, na sauti yangu ilinishtua. "Mimi sina haki ya kutaka kitu?"

Nikatoka nikaenda kwa ng'ombe, nikalia kidogo huko, maana ng'ombe hamwambii mtu. Nilikuwa nimeanza kukipenda kile chumba chenye harufu ya dawa ya kupe. Nilikuwa nimeanza kujisikia mtu anayekwenda mahali, baada ya kustaafu na kubaki wa kuulizwa chumvi iko wapi. Lakini mkwe wangu alikuwa na siku yake ya ubalozi, na mimi ndama wangu angeweza kungoja. Nikarudi ndani nikamwambia mume wangu ampigie mkwe, amwambie nimeacha, arudi asome kwa amani.

Juma lililofuata yule muuguzi wa Kebirigo alinipigia simu. "Mwalimu, mbona nyinyi wote mmetoroka? Mkwe wako alimwambia mwalimu ameacha, ati hawezi kufukuza mama mkwe darasani, hiyo ni laana. Mwalimu amebaki na viti viwili vitupu."

Kumbe ujumbe wangu ulimfikia, ndiyo ukamharibu kabisa. Mimi nimetoka ili akae, yeye ametoka ili nikae, na kila mmoja yuko kwake akijipongeza kwa adabu. Mume wangu alicheka mpaka akaondoa miwani.

"Heshima imewatoa nyinyi wawili," akasema, "Kijerumani kimebaki peke yake."

Halafu akachukua simu akampigia mkwe, akamwambia kuna swichi inasumbua hapa nyumbani, aje Jumapili aitazame. Hakuna swichi iliyokuwa inasumbua. Nilimwona mwenyewe akiifungua kwa bisibisi Jumapili asubuhi na kuchomoa waya.

Jiko letu liko peke yake, nyuma ya nyumba kubwa, kuta za udongo. Mkwe alipomaliza swichi, mume wangu alimwekea kigoda nje, chini ya ukingo wa paa la jiko, akampa uji, akasema anaenda kutazama migomba. Akaenda zake. Mimi nilikuwa ndani ninachambua chinsaga, mboga zetu chungu, na mgongo wangu ulikuwa umeelekea ukuta ule ule. Nilimsikia anameza uji. Nikamsikia anatafuta pa kuweka kikombe.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni ukuta. Nikasema kwa Kijerumani, kwa sauti yangu ya darasani, "Habari za mchana. Wewe kula nini asubuhi?"

Kuku akapita. Nikafikiri mkwe ameondoka.

"Asubuhi mimi kunywa chai," akasema kwa Kijerumani kutoka nje. "Mimi kula ndizi."

"Wewe kupika mwenyewe?"

"Ndiyo. Mimi kupika vibaya."

Nilicheka. Mama mkwe gani anacheka na mkwe wake? Lakini Kijerumani changu hakikujua yeye ni nani kwangu. Kilikuwa kipya, hakikuwa na shangazi wala mjomba ndani yake, na yale maneno machache niliyonayo yalikuwa ya vyakula, rangi, saa na hali ya hewa. Nikaendelea. Nikamwuliza Jumamosi anafanya nini. Akasema asubuhi kanisani, mchana kulala, jioni kutazama simu.

"Kwa nini kutazama simu?"

Katika Ekegusii angekuwa na njia kumi za kuzunguka swali hilo kwa adabu. Katika Kijerumani cha mwanzo hakuna pa kuzungukia.

"Mke wangu huko. Mtoto wangu huko," akasema. "Nyumba kubwa. Mimi peke yangu. Usiku si mzuri."

Niliacha kuchambua mboga. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemjua mtu huyu kwa salamu na mvua. Nilikuwa nikimhesabu kama mtu wa binti yangu, mtu anayechelewa kupata karatasi. Nilimwonea uchungu kama wa mwanangu, na sikuwa na neno la Kijerumani la kumwambia hivyo. Nikatafuta nilichonacho.

"Mimi kuelewa," nikasema. "Mimi pia usiku kutazama simu."

Swichi ile iliharibika kila Jumapili. Mume wangu alikuwa fundi mzuri sana wa kuharibu. Mkwe akija anaitengeneza upesi, anapewa uji wake, na ukuta unaanza. Tulijifunza kuomba vitu, kukataa vitu, kusema samahani sijaelewa. Alikuwa ananisahihisha matamshi, kwa heshima sana mwanzoni, baadaye bila heshima kubwa. Siku moja nilirudia neno moja mpaka akakata tamaa, akaniambia kwa Kijerumani, "Frau Mwalimu, wewe kichwa kigumu." Nilishika mdomo kwa vicheko. Kisha nilimwambia kwa lugha hiyo hiyo kwamba yeye anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nilimsikia akipiga paja lake nje.

Darasani tulirudi wote wawili. Nilimweleza mwalimu wa Nakuru habari ya ensoni, akasikiliza vizuri, akasema kwao pia kuna mambo. Akatuwekea viti tukapeana migongo. Tulipoanza kuongea chumba kizima kilinyamaza. Mkwe wangu alikuwa na Kijerumani kingi kumbe, kilikuwa kimesimama tu kooni kikingoja njia. Wale wauguzi wenye haya nao wakaomba wapeane migongo, na kwa wiki kadhaa mtu akifungua mlango alikuta darasa zima limegeukiana visogo likibishana juu ya bei ya nyanya. Baadaye mwalimu akatugeuza sote, kwa sababu mtahini hatakupa mgongo. Mimi na mkwe akatupa wenzi wengine. Hata hivyo yeye hakurudi tena kwenye nguzo.

Alikwenda Nairobi kufanya mtihani. Mimi sikwenda, sikuwa na haja ya cheti. Siku ile nilichuma chai vibaya, nikachanganya majani makavu na mabichi, jirani akaniuliza kama naumwa. Majibu yalipotoka mkwe alimpigia mume wangu, si mimi, kama inavyopaswa. Mume wangu alisikiliza, akaitikia, akaitikia, akafunga simu.

"Amepita," akasema.

Nilipiga kigelegele ambacho kilileta watu wa boma la pili. Nilicheza na mwiko mkononi. Binti yangu alipiga simu analia na kucheka, nikamwambia aache kulia, aanze kusafisha nyumba. Ilikuwa furaha ya kweli. Ilipotulia jioni, nikaona pia kwamba sasa hakuna sababu ya swichi kuharibika. Sikumwambia mtu hilo.

Jumapili iliyofuata niliweka mboga motoni nikiwa simtarajii mtu. Taa zote zilikuwa zinawaka. Mume wangu alikuwa amekula, amelala kwenye nyumba kubwa, na hakuwa amegusa bisibisi. Nikasikia hatua uani. Kigoda kikavutwa nje, kikagusa ukuta.

"Guten Tag, Frau Mwalimu."

Nikafikiri kuna jambo kwa binti yangu, au ubalozi umekataa.

"Mtihani kwisha," nikasema.

"Ndiyo. Kwisha."

"Cheti wewe kuwa nacho."

"Ndiyo. Kuwa nacho."

"Karatasi nzuri?"

"Karatasi zote nzuri."

"Swichi nzuri. Mzee kulala."

"Yeye alale."

"Basi wewe kutaka nini?" nikauliza, na katika Kijerumani changu swali hilo halina upole wowote, hutoka kama mtu anayefukuza mbuzi.

Nilimsikia anahema, anapanga maneno yake moja baada ya jingine, kama kila mwanafunzi niliyewahi kumngoja.

"Mimi kutaka kitu hapana," akasema. "Mimi kutaka kuongea."

Nikaepua sufuria ili isinichemkie masikioni, nikasogeza kigoda changu ukutani.